Umekisoma Mwenyewe?

Haya jamani, leo nina dhambi ya kuungama. Si dhambi ya kupelekwa nayo polisi, lakini kwa mtu anayekula kwa kalamu ni aibu, na nimekaa nayo tumboni muda mrefu mpaka imeanza kunikera. Nilimpendekezea mtu riwaya ambayo sikuwa nimeisoma. Na wala haikuwa ile ya kusema tu ili mazungumzo yasife, mmebanana kwenye daladala ya Mbagala. Nilimtazama machoni, nikamwekea kitabu mkononi, akatoa hela, akalipa, akaniambia ahsante mwanangu.

Ngoja nianze mwanzo ili unielewe.

Mimi ni mwandishi wa habari, hilo mnalijua. Nafanya kazi kwenye gazeti moja hapa Dar es Salaam ambalo leo sitalitaja, maana kesho nataka niamke bado nina kazi. Kwa mwaka mmoja na nusu hivi nilikuwa na kisehemu changu cha vitabu, kila Jumapili, maneno 400, chini kabisa ya ukurasa wa burudani. Kilikuwa kidogo lakini kilikuwa changu. Kuna Jumapili nikafungua gazeti nikakuta mahali pake pamekaa tangazo la mikopo. Hakuna aliyeniita kuniambia. Nilipomfuata mhariri akacheka, akasema, "Dogo, vitabu havilipi hata wino." Nikarudi kwenye kiti changu nikaandika habari ya bei ya nyanya.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kumlilia mwenye duka la vitabu. Ni duka dogo, la mtu binafsi, chumba kimoja na stoo, na mwenyewe ni mwalimu mstaafu ambaye watu wote tunamwita Mwalimu tu. (Jina la duka nalo sitaji, hakunituma nimtangazie.) Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akapangusa miwani, akasema, "Si uje usimame hapa uwaambie watu kwa mdomo? Hapa hakuna mhariri." Basi ndivyo nilivyoanza. Mshahara sina. Nalipwa chai ya maziwa, chapati mbili, na ruhusa ya kuazima kitabu chochote kwa wiki moja mradi nisikivunje mgongo.

Watu wengi wanadhani duka la vitabu linaishi kwa riwaya. Thubutu! Duka la vitabu linaishi kwa Januari. Ni vitabu vya kiada, madaftari, mikebe ya hesabu, rula, majalada ya nailoni. Baada ya hapo ni Biblia na misahafu, na vile vitabu vya kukufundisha utajirike kabla hujafika miaka 30. Riwaya zina rafu moja, nyuma kabisa, karibu na feni, na nyingi ya zile mpya za Kiswahili ziko pale kwa mali kauli. Mwandishi amechapisha kwa fedha yake mwenyewe, anakuja na nakala 20 kwenye mfuko wa salfeti, anaziacha, anarudi baada ya mwezi kuangalia. Yupo mmoja ambaye haulizi kabisa kama vimeuzwa. Anaingia, anasalimia, anakuuliza habari za nyumbani, huku jicho lake linahesabu migongo ya vitabu vyake kwenye rafu. Akikuta vimebaki vilevile 20 anakaa kidogo, anasifia hali ya hewa, anaaga. Nikimwona anavuka barabara roho inaniuma kuliko siku walipochukua kisehemu changu.

Wateja nao wana aina zao. Wazee wanaulizia Willy Gamba. Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, mwenyewe alifariki 2010, lakini mzee atakuja leo kana kwamba kitabu kimetoka kiwandani jana, na usipokuwa nacho anakuangalia kama umemficha ndugu yake. Vijana wanaulizia kile walichosomeshwa shuleni, na wakikipata hawanunui, wanakifungua tu wanacheka wanapiga picha. Filamu ya Amil Shivji ya Vuta N'kuvute ilipotoka mwaka 2021 ilituletea kundi jipya likitaka "kitabu cha ile muvi". Mwalimu alikuwa anawarekebisha kila mmoja, bila kuchoka: kitabu ni cha Adam Shafi, kimetoka 1999, ile ndiyo muvi ya kitabu. Halafu wapo wale wanaokusikiliza dakika kumi nzima, unawasimulia mpaka koo linakauka, mwisho wanakuuliza, "Kaka, huna PDF yake?"

Basi ilikuwa Desemba 2024. Mwalimu akafunga hesabu za mwaka, akaniita nyuma kwenye feni. Hakuwa na hasira. Akapitisha kidole juu ya vitabu, akanionyesha vumbi. "Rafu hii inakula kodi," akasema. "Mabegi ya shule nimeyaweka kwenye stoo, watu hawayaoni, na begi moja faida yake ni sawa na riwaya nne. Tuangalie mpaka Juni. Kama haijachangamka, nitaweka mabegi."

Nililichukua jambo hilo kama mtu amenitukania mama. Nikaapa kwamba rafu ile haitatoka. Na hapo ndipo shetani alipoingia.

Sisi waandishi tuna ugonjwa mmoja, naomba nikutobolee siri. Mtu akitupatia taarifa kwa vyombo vya habari, kurasa mbili tu, tunaweza kuandika habari ya mkutano ambao hatukuhudhuria, na ukisoma utasikia mpaka makofi. Sasa nyuma ya jalada la kitabu pana nini kama si taarifa kwa vyombo vya habari? Nikaanza kusoma migongo na majalada. Nikawa nasoma kurasa kumi za mwanzo, naruka katikati nachungulia, naweka kichwani maneno matatu mazuri, basi. Mteja akiingia nampa na mikono yote, sauti naipandisha na kuishusha kama mtangazaji wa mpira. Jumamosi ya kwanza ya Januari niliuza riwaya 11. Mwalimu akaniongezea chapati.

Jumamosi ya pili akaingia mama mmoja, umri wa miaka 40 na kitu, amejitanda kanga ya bega, mkononi ana orodha ya mahitaji ya kidato cha kwanza. Akanunua madaftari, mkebe, kamusi. Nikamsogelea. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Nikamuuliza kama mtoto anapenda kusoma, akatabasamu kwa namna ambayo hata wewe ungeelewa. Akasema huyo wa kwake ana miaka 13, anasoma mpaka gazeti lililofungia maandazi. Anakwenda Mwanza, kwa ba'mdogo wake, atasomea huko. Alitaka ampe kitu kipya cha kusoma njiani, kiwe kizuri, kiwe cha Kiswahili safi, kisiwe cha mapenzi.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye Peponi.

Naomba nisimame hapa kidogo nikieleze kitabu hiki, maana ndicho kesi yenyewe. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana miaka ya 1960, akaishi Uingereza na kufundisha chuo kikuu huko, na riwaya zake amezichapisha kwa Kiingereza. Paradise ilitoka 1994, ikafika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huohuo. Sisi huku, ambao hadithi ni ya pwani yetu na reli yetu na misafara yetu, tuliisubiri kwa lugha yetu mpaka 2022. Miaka 28! Tena ilibidi Wasweden wampe kwanza Nobel, Oktoba 2021, ndipo tukakumbuka kwamba tuna mtu. Aliyeifasiri ni Ida Hadjivayanis, Mzanzibari anayefundisha London, na Mkuki na Nyota wakaichapa hapa kwa jina la Peponi.

Mimi na Gurnah tulikuwa na historia, ya upande mmoja. Siku Nobel inatangazwa nilikuwa mwanafunzi wa chuo niliyepelekwa kufanya field kwenye chumba cha habari. Mhariri akapiga kelele, "Nani anamjua huyu Gurnah?" Chumba kizima kimya. Mimi nikanyoosha mkono, si kwamba nilikuwa namjua, ni kwamba nilikuwa mgeni na nilitaka nionekane. Nikaokota vipande kwenye mashirika ya habari ya nje, nikashona, nikatoa maneno 600 yenye sentensi moja juu ya Paradise: mtoto wa miaka 12 anaondoka kwao na kusafiri na msafara wa wafanyabiashara kuelekea bara. Sentensi ile ilichapwa. Nilijivunia. Na tangu siku hiyo nikawa najihesabu miongoni mwa watu waliosoma Gurnah.

Kwa hiyo nikamwambia yule mama sentensi ileile. Mtoto wa miaka 12, mama, anasafiri, treni, pwani, msafara, milima, wanyama, wafalme wa bara, na mwandishi wake ni wa kwetu, ameshinda Nobel. Mtoto wako atakipenda. Akageuza kitabu, akaangalia bei (si ya mchezo), akafungua pochi, akahesabu noti mara mbili. Akanunua.

Alirudi mwishoni mwa Machi. Nilimtambua kwa ile kanga. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa Peponi kwenye mkoba akaiweka mezani taratibu. Ilikuwa imekunjwa sikio kwenye ukurasa mmoja mapema tu, na jalada limechakaa.

"Wewe ndiye mwandishi?"

"Ndiye mimi, mama."

"Kitabu hiki umekisoma mwenyewe?"

Nikasema ndiyo. Nimeapa kuwaambia ukweli leo, kwa hiyo andika: mara ya kwanza nilisema ndiyo.

Hakubisha. Akavuta stuli akakaa, akanisimulia. Alikuwa na biashara ya nguo za mitumba, akachukua mkopo, ile mikopo tunayoiita kausha damu, ukachelewa wiki moja unakuta kiasi kimezaa watoto na wajukuu. Walikuja wakabeba friji. Walitaka kubeba na kitanda. Aliyemwokoa ni shemeji yake wa Mwanza, mdogo wa marehemu mumewe, ana duka la vifaa vya ujenzi. Akalipa deni lote kwa mkupuo. Halafu akasema, kwa nia njema tu, mtoto naye aje asomee huku, atanisaidia dukani jioni. Mama akashukuru, nani asingeshukuru. Mtoto akaambiwa anakwenda kwa ba'mdogo kusoma. Habari ya deni hakuambiwa, kwa nini mtoto umbebeshe?

Wiki ya tatu mtoto akapiga simu kwa simu ya ba'mdogo. Akasalimia, akasema shule nzuri, chakula kizuri. Halafu akauliza, "Mama, lile deni lilikuwa shilingi ngapi?"

Mama akamuuliza deni gani. Akajibu, "Yusuf naye alidhani anakwenda kutembea."

Sasa wewe uliyesoma Peponi umeshaelewa, na wewe ambaye hujasoma nikueleze kidogo, haya yapo mapema kabisa kitabuni kwa hiyo sikuharibii. Baba yake Yusuf ana hoteli ndogo isiyokwenda mbele. Kila mara anakuja Aziz, mfanyabiashara mkubwa, mtu wa manukato, ambaye Yusuf anamhesabu kuwa ami yake, na kila akiondoka anampa sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa aondoke naye, wanapanda treni mpaka pwani. Anawekwa dukani na kijana mwingine, Khalil, wauze pamoja, na ni huyu Khalil anayemfungua macho: huyu si ami yako, wewe uko hapa kwa sababu baba yako anadaiwa. Umewekwa rehani. Ndiyo hadithi yenyewe hiyo, milima na wafalme wa bara vinakuja baadaye sana. Na mimi nilikuwa nimempa mtoto huyo, kwa safari hiyo, kwenda kwa ba'mdogo huyo, kwenye duka hilo. Ningetafuta kwa tochi riwaya zote za Afrika Mashariki nisingepata ya kumfaa vibaya kiasi kile. Au ya kumfaa, sijui, mpaka leo nabishana na nafsi yangu.

"Nikapanda basi nikaenda," akasema mama. Dar mpaka Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100. Akamkuta mtoto yuko salama. Hateswi. Anakula vizuri kuliko nyumbani, hilo alilisema mwenyewe huku anaangalia chini. Shule anakwenda. Lakini jioni anakaa dukani mpaka saa mbili usiku akipima misumari, na ameanzisha daftari, moja ya yale madaftari tuliyomuuzia sisi, anaandika kila siku saa alizofanya kazi. Ba'mdogo aliliona daftari, akaona na kitabu, akasema kitabu hiki kinamfundisha mtoto dharau, uondoke nacho. Mama akaondoka nacho. Akakisoma ndani ya basi wakati wa kurudi, kutoka Mwanza alfajiri mpaka giza lilipoingia wakiwa wameshapita Dodoma, sehemu iliyobaki akaimalizia nyumbani kwa tochi ya simu.

Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Sasa wewe uliyesoma, nisaidie. Kule mwisho, Yusuf amefanya vile kwa nini?"

Jamani. Nimewahi kuulizwa maswali na polisi, nimewahi kufukuzwa kwenye mkutano na mlinzi mwenye kirungu. Sijawahi kukosa pa kuweka macho kama siku ile. Feni inazunguka, Mwalimu amejifanya anapanga kalamu. Nikasema, "Mama, sijafika huko." Akasubiri. Nikasema, "Mama, nimesoma kurasa kumi."

Nilidhani atapiga kelele, na laiti angepiga. Akanisogezea kitabu. "Kisome. Nitakuja Jumamosi."

Nilikisoma usiku mbili. Sitakwambia kwamba nililia, maana wanaoandika juu ya vitabu siku hizi wote wanalia, sijui machozi wanayatoa wapi. Nilichopata ni fedheha ya pole pole. Nilikuwa nimetangaza kitabu cha safari, nikakuta safari yenyewe ni homa na njaa na watu kurudi mikono mitupu. Nilikuwa nimesema hakina mapenzi, nikakuta mambo ya watu wazima wanaomtamani mtoto kwa uzuri wake, yamesemwa kwa kificho lakini yapo. Na nilikuta kitu ambacho hakuna shirika la habari lingeweza kunipa, kwamba Aziz si katili. Hapigi kelele, hachapi, ana adabu kuliko watu wote mle ndani. Ndipo nikaelewa kwa nini mtoto wa Mwanza alikuwa na daftari. Ukipigwa una cha kusimulia. Ukitendewa wema na mtu anayekumiliki, unaandika wapi? Labda pale, saa moja na nusu, misumari ya inchi tatu.

Jumamosi mama akaja kweli. Tukakaa kwenye maboksi nyuma, tukazungumza juu ya mwisho karibu saa nzima. (Mwisho wenyewe sitausema, nunua.) Mimi niliona Yusuf amekosa pa kwenda. Yeye akakataa. Alisema mtu anayekosa pa kwenda hukaa palepale, yeye anajua, alikaa na watu wa mkopo miezi minne. Alisema kukimbia ni hesabu. Sikuwa na la kujibu, na nina shahada.

Tangu hapo nimebadili utaratibu. Kwenye rafu ya riwaya sasa kuna vikaratasi, nimeviandika kwa mkono, na kila kikaratasi kinaanza kwa kusema nimefika wapi. "Nimesoma yote." "Nimesoma yote mara mbili." "Nimeishia ukurasa wa 60, labda wewe una subira kuliko mimi." Mwalimu alisema nitawafukuza watu. Ajabu ni kwamba hiyo ya ukurasa wa 60 ilinunuliwa siku ya kwanza, na dada mmoja aliyesema anataka kuona mimi nimeshindwa na nini. Akarudi akaniambia kinakolea ukurasa wa 70.

Kwa hiyo leo nikikwambia soma The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, ujue nimeisoma yote. Ni ya Mombasa, ilitoka 2021, na mwaka 2022 ikawa ya kwanza kabisa kupata tuzo ya Ursula K. Le Guin. Binti anaitwa Aisha, baba yake mvuvi amepotelea baharini, anamfuata kwenye chombo cha mifupa akiwa na paka anayezungumza. Imeandikwa kwa Kiingereza lakini masikio yako yatasikia bibi anasimulia. Katikati inajikokota, nakwambia mapema. Mpe mtu aliyefiwa na baba, lakini muulize kwanza. Siku hizi nauliza kwanza.

Anayeniambia Kiswahili hakina riwaya mpya nampa Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyopata tuzo ile ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa 2014. Hii hainihitaji mimi. Watu wanasoma jina kwenye jalada wanaguna, wanasema "he!", wanaingiza mkono mfukoni. Mwandishi akipata jina la namna hiyo nusu ya kazi imekwisha.

Na Theft, ya Gurnah, iliyotoka 2025, ya kwanza tangu Nobel. Nakala iliyofika kwetu ni ya ng'ambo na bei yake inatia kizunguzungu, nimeiazima kwa sharti la kutovunja mgongo. Vijana watatu, Karim, Fauzia na Badar. Huyu Badar analetwa mjini, anaingizwa kwenye nyumba ya watu kufanya kazi, bila kuambiwa sawasawa kwa nini yeye na kwa nini nyumba ile. Nilipofika hapo nikaweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Mzee wa watu, miaka 31 baada ya Paradise, bado hajamaliza na mtoto aliyepelekwa kwa watu.

Juni ikafika. Mwalimu akaja na daftari lake la hesabu, akakaa, akaniambia rafu imechangamka lakini haijachangamka vya kutosha. Tukagawana. Nusu ya juu mabegi, nusu ya chini riwaya. Ukitaka kuziona inabidi uchuchumae, na begi moja la rangi ya waridi linakupiga kichwani. Yule mwandishi wa nakala 20 alipokuja akachuchumaa naye. Zilikuwa zimebaki 14. Akasifia hali ya hewa, lakini safari hii alikaa zaidi.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo yule mama akaingia na mvulana mrefu, mwembamba, mikono imemzidi shati. Amekuja likizo. Mama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameanza kumrudishia shemeji, laki mbili imeshakwenda, shemeji alikataa kupokea, yeye akaiacha mezani. Kama mtoto atarudi Mwanza Julai au hatarudi, bado wanazungumza. Akasema anavuka mara moja kwenda benki, tukae na mtoto.

Mvulana akasimama mbele ya rafu, akachuchumaa, akasoma vikaratasi vyangu kimoja kimoja bila kucheka. Akafika kwenye Peponi.

"Hiki unasema umesoma yote."

"Nimesoma yote."

"Mimi nilifika pale Khalil anapomwambia asimwite ami. Wakakichukua."

"Najua."

"Mwisho unaujua?"

"Naujua."

"Usiniambie," akasema. Akavuta boksi la vitabu vya kiada, akalikalia, akafungua. Mama yake alikuta foleni benki, akachelewa karibu saa mbili, na aliporudi ilibidi amwite jina mara tatu.